Kabla ya kumwendea mwanasheria kwa shauri la ndoa, watoto au mali

Anayekuja kuomba ushauri wa ndoa ni nadra kuja akiwa ametulia. Anakuja baada ya usiku wa ugomvi, au amesikia nyumba inatafutiwa mnunuzi, au mtoto alichukuliwa Ijumaa na mpaka Jumatatu hajarudishwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wengi ninaowapokea wamekwisha kuhadithia jambo lao kwa ndugu, kwa jirani na kwa kiongozi wa dini. Kila mmoja amewapa jibu lake. Wanapofika mezani wamechoka kueleza, na bado hawajui waanzie wapi.

Ninachotaka kukisema ni kwamba ubora wa ushauri unategemea sana namna ulivyouomba. Mwanasheria hakuishi kwenye nyumba yenu. Ana tarehe ulizomtajia, karatasi ulizomwekea mezani na swali ulilomuuliza. Ukimpa vitu hivyo vikiwa safi, hata nusu saa inatosha kukuonyesha njia. Ukimpa hasira tupu atakupa pole, na pole haizuii nyumba kuuzwa.

Haya ninayoandika ni ya Tanzania Bara, ambako ndoa, talaka, matunzo na mgawanyo wa mali vinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, na mambo ya watoto yanaongozwa pia na Sheria ya Mtoto ya 2009.

Hatua ya 1: Usalama kwanza

Kama umepigwa, umetishiwa maisha, au mtoto yuko hatarini, karatasi zisubiri. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na ukatibiwe. Kwa jambo la mtoto kuna namba 116. Shauri la mali linaweza kungoja wiki mbili, lakini jeraha linapona na ushahidi wake unapotea.

Na kama kuna mtu amekwambia kwamba kupigwa ni sehemu ya ndoa, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema mtu hana haki yoyote ya kumpa mume au mke wake adhabu ya viboko. Sheria hiyo imekuwapo tangu 1971.

Hatua ya 2: Sema uko wapi na mlioana vipi

Hili linasahaulika kuliko yote. Mtu anamuuliza binamu yake wa Mombasa, anapewa jibu, anakuja nalo Tanga. Kenya wana Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, na mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ilitamka kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali, mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe. Zanzibar nako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, na mashauri ya ndoa na talaka ya Waislamu yanasikilizwa na Mahakama za Kadhi. Binamu hakukudanganya. Alikwambia ya kwao.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza itaje mahali mnapoishi, mahali mlipofungia ndoa, na aina ya ndoa: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali au ya kimila. Kama hamkufunga ndoa yoyote, sema hivyo hivyo bila aibu. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke. Ila dhana hiyo inaweza kupingwa na kuvunjwa, kwa mfano ikithibitika mmoja wenu alikuwa bado ana ndoa ya mke mmoja kwingine. Mtu akisema "ni mke wangu wa ndoa" wakati waliishi tu, mshauri anajenga hoja juu ya msingi usiokuwepo, na upande wa pili utaubomoa siku ya kwanza mahakamani.

Hatua ya 3: Chagua unamwendea nani

Mwenyekiti wa mtaa na wazee wanaweza kutuliza ugomvi na kuwa mashahidi wa mambo waliyoyaona. Hawawezi kuvunja ndoa wala kugawa mali. Karatasi ya "makubaliano ya kuachana" iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haimalizi ndoa.

Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwendea kama tatizo ni matunzo ya mtoto au mtoto kuonana na mzazi mwingine. Mengi yanamalizikia mezani kwake bila kesi, na yakifika mahakamani, taarifa yake kuhusu hali ya mtoto inaweza kuombwa.

Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Atakueleza sheria, atakusaidia kuandaa maelezo, atakuelekeza mahali sahihi. Hapaswi kukutoza ada, wala hawezi kusimama mahakamani kama wakili wako. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC), Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) wamefanya kazi hii kwa miaka mingi.

Wakili ni wa kukuwakilisha, na anatoza. Uliza gharama kabla ya kikao, si baada yake. Na jihadhari na vishoka wanaozunguka karibu na mahakama wakiwa na bahasha mkononi. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili, ambamo unaweza kutafuta jina la mtu na kuona kama kweli ni wakili. Nakuomba ufanye hivyo hata kama umeelekezwa na ndugu unayemwamini.

Ukimtafuta kwa simu, ujumbe mfupi wa maandishi unatosha: "Habari za asubuhi, wakili. Niko Kibaha. Nina shauri la talaka na mgawanyo wa nyumba. Upande wa pili ni fulani bin fulani. Naomba kujua siku unayoweza kuniona na gharama ya ushauri." Jina la upande wa pili ni la lazima, kwa sababu kama wakili huyo alishamshauri mwenzako katika jambo hilohilo, hawezi kukushauri na wewe, na ni bora ajue kabla hujamfungulia moyo. Sauti ya dakika kumi iliyorekodiwa saa tano usiku haisikilizwi mpaka mwisho, nawe utajiona umepuuzwa.

Hatua ya 4: Andika kisa chako nusu ukurasa

Hapa ndipo ningependa utulie. Chukua daftari, andika mambo kwa mpangilio wa tarehe, jambo moja kila mstari. Usieleze mwenzako ni mtu wa aina gani. Eleza alifanya nini, lini, na nani aliona. Mfano, nimeutunga mwenyewe kuonyesha namna:

"Tulifunga ndoa kanisani Iringa, Juni 2013. Watoto wawili, wa miaka 9 na 5, ninaishi nao. Mwaka 2016 tulinunua kiwanja, kikaandikwa jina lake. Mimi nilikuwa napika chakula nauza, ndicho kilicholisha familia wakati mshahara wake unajenga. Machi mwaka juzi alihama, anaishi na mwanamke mwingine mtaa wa pili. Pesa ya matumizi aliacha kuleta Desemba. Hatujaenda baraza lolote. Nina cheti cha ndoa na nakala ya karatasi ya mauziano. Wiki iliyopita dalali alikuja na watu kuangalia nyumba. Naomba kujua: nifanye nini ili nyumba isiuzwe?"

Maneno hayo hayafiki mia moja, na karibu kila mstari umefungua mlango. "Machi mwaka juzi alihama": mshauri anajua kwamba kutelekezwa, kama sababu inayosimama peke yake chini ya kifungu cha 107, kunahitaji angalau miaka 3, kwa hiyo haijatimia. "Anaishi na mwanamke mwingine": hiyo ni hoja ya ugoni, haingoji miaka 3. "Napika chakula nauza" ni mchango katika mali. "Hatujaenda baraza": talaka haiwezi kufunguliwa kesho, maana lazima jambo lianzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kama utakavyoona Hatua ya 9. Na dalali ndiye anayefanya jambo liwe la haraka. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake, na kinampa huyo mwenzake maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kama kiwanja hakijasajiliwa, barua kwa serikali ya mtaa, yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, inasaidia, maana mauziano mengi ya viwanja vya namna hiyo hupitia ofisi hiyohiyo.

Sasa fikiria mama huyu angeingia na kusema tu, "Mume wangu ni mtu mbaya sana, nataka haki yangu." Ingechukua saa nzima kumfikisha kwa dalali.

Hatua ya 5: Kusanya karatasi

Cheti cha ndoa, na kikipotea nakala huombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, au kadi za kliniki kama vyeti havijatoka. Hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano. Risiti za vifaa vya ujenzi, za ada na za hospitali. Taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha pesa zilizotumwa au zilizoacha kutumwa. PF3 kama ipo. Barua yoyote ya baraza, ya polisi au ya mahakama, hata ile unayoona haina maana.

Peleka nakala, asilia ziache mahali salama nje ya nyumba yenye ugomvi. Ujumbe wa simu usiufute baada ya kupiga picha ya skrini, acha simu ibaki nao. Jambo moja hapa nalisisitiza: usiingie kwenye simu au barua pepe ya mwenzako kwa nywila uliyoiiba ukaniletea mazungumzo yake. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na unaweza kuja kudai talaka ukaondoka na kesi ya jinai.

Hatua ya 6: Sema na yale yanayokuumiza

Kama na wewe ulikuwa na mtu mwingine, sema. Kama uliondoka na watoto usiku bila kuaga, kama ulitia saini karatasi ya mkopo uliowekewa nyumba, kama umewahi kumpiga, sema. Kuficha ni kibinadamu kabisa, na hakuna anayefurahia kumweleza mgeni aibu yake. Lakini mwenzako atayasema, na atayasema mbele ya hakimu, siku ambayo wakili wako hana la kujibu. Mawasiliano yako na wakili yanalindwa na sheria. Kwa mshauri mwingine yeyote, uliza mapema: "Haya ninayosema yanabaki hapa?" Ni swali la heshima, halimuudhi mtu mwadilifu.

Kama shauri ni lako, usije na "namuulizia rafiki yangu". Majibu ya sheria za familia yanabadilika kwa vitu vidogo: umri wa mtoto, mwaka wa kununua kiwanja, dini mliyofungia ndoa. Rafiki wa kubuni hana vitu hivyo. Na kama kweli ni rafiki, mlete mwenyewe.

Hatua ya 7: Kilio kiwe swali

"Haki zangu ni zipi?" ni swali pana mno. Uliza kitu ambacho jibu lake litabadilisha utakachofanya wiki hii.

Kuhusu watoto, usiulize "Nitampata mtoto?" Uliza mahakama itaangalia nini. Mshauri atakwambia kwamba kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yenu. Kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, lakini inaweza kupingwa kwa ushahidi. Wapo akina mama wanaodhani ni haki isiyogusika, na akina baba wanaodhani mtoto akifikisha miaka 7 ni wao moja kwa moja. Wote wawili wanakosea, na kati yao mtoto anahamishwa shule katikati ya muhula.

Kuhusu mali, usije na "nusu kwa nusu" kama jibu ulilokwisha kulipata. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii, na ndani ya hayo ielekee kwenye usawa. Kazi za nyumbani zinahesabika. Mahakama ya Rufani ilikubali hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na wanawake wengi wamefaidika na uamuzi huo tangu hapo. Lakini hakimu hakisii, lazima aelezwe kazi hizo zilikuwa zipi na kwa miaka mingapi. Swali zuri basi ni hili: "Nithibitishe vipi mchango wangu?"

Yapo maswali ambayo nakuomba usimuulize mtu yeyote mwenye heshima yake. Jinsi ya kuhamishia gari kwa jina la kaka yako kabla ya kesi. Jinsi ya kumfundisha mtoto aseme nini kwa afisa ustawi. Jinsi ya kupata barua ya baraza bila mwenzako kuitwa. Atakayekujibu hayo kwa furaha ndiye atakayekuuza na wewe.

Hatua ya 8: Siku ya kikao

Fika mapema. Watoto wasiwepo. Hata wa miaka minne anasikia jina la baba yake linavyotamkwa, na kama huna wa kumwachia, sema ukipanga miadi ili itafutwe namna.

Ndugu akikusindikiza, mshukuru kisha mwombe akae nje mwanzoni. Nasema hili nikijua kwamba kwetu ndoa ni ya familia mbili, na kaka mkubwa au shangazi aliyekaa kwenye posa anaona ana neno la kusema. Analo, na linaweza kuwa la ushahidi mzuri. Lakini mwanamke aliyekaa pembeni ya kaka yake hasemi yote, na mwanamume aliye na mama yake chumbani hasemi kabisa. Wakishamaliza ya siri, ndugu aitwe.

Usirekodi kikao bila kuomba. Andika. Usipoelewa neno, simamisha mazungumzo uulize, maana "hati ya madai", "zuio" na "kiapo" si maneno ya sokoni. Mshauri akikwambia jambo usilolitaka, usibishane naye kana kwamba ndiye mume wako au mke wako. Muulize ameegemea kifungu gani. Na kama tayari una wakili mwingine, mwambie.

Hatua ya 9: Baraza la usuluhishi na cheti chake

Huwezi kufungua shauri la talaka kabla jambo halijapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Yapo katika kata, na yapo ya jumuiya za dini, ikiwemo BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Sheria inatoa nafuu katika hali chache. Mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6, aliitwa akakataa kwa makusudi, amefungwa miaka 5 au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kuna mazingira ya pekee ambayo mahakama yenyewe itayakubali. Kama uko kwenye mojawapo, lisemwe mapema.

Nenda barazani kwa nia njema, hata kama moyo umeshatoka. Wapo wanaopatana pale. Likishindikana, baraza linatoa cheti, na hicho ndicho cha kukisoma neno kwa neno kabla hujaondoka ofisini. Kiseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Kisiwe barua ya "tunamleta kwenu mhusika kwa msaada zaidi". Majina yenu yawe sahihi, tarehe iwepo, muhuri uwepo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyopita ngazi zote za chini kwa sababu cheti hakikuwa cha kisheria. Miaka ya watu imepotea hivyo. Cheti kisizidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Na kama ndoa haijatimiza miaka 2, utahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Kwa Waislamu: mweleze mshauri kama talaka imetamkwa, lini, na mbele ya nani, na kama ilitangulia baraza au ilifuata. Baraza likiwa limeshindwa, na baadaye kukafanyika tendo linalovunja ndoa kwa sheria za Kiislamu, mahakama inatakiwa itamke kwamba ndoa imevunjika. Mpangilio wa tarehe ndio unaoamua, na ndiyo maana nilikuomba daftari.

Hatua ya 10: Ukishaondoka

Siku hiyohiyo andika ulichoambiwa na tarehe ya kila kitu unachotakiwa kufanya. Usipeleke maneno ya mshauri kwa mwenzako kama silaha, wala usiyaweke kwenye kundi la familia la WhatsApp pamoja na picha za vyeti vya watoto. Mtoto atakua, na picha hizo zitakuwa bado zinazunguka.

Ukitaka maoni ya pili, tafuta, ni haki yako, ila mpe wa pili maelezo yaleyale uliyompa wa kwanza. Hukumu ikitoka, omba nakala na uliza siku hiyohiyo muda wa rufaa unaisha lini. Na mkipatana njiani, mjulishe mshauri wako. Hatakucheka. Ataandika kwenye faili tarehe ya kupatana na masharti mliyokubaliana, na kama siku moja utalazimika kurudi, hutaanza kueleza upya.